Kanga Iliyokuunguza

Kihonda,
S.L.P. 1127,
Morogoro.
6 Juni, 2004.

Mpendwa dada Yustina,

Shikamoo. Habari za Mpanda? Shemeji Petro hajambo? Na huo ubavu wako, kwa baridi hii unasemaje? Sisi wazima, ila mkono wangu.

Kiwanda kimeuzwa, na mwenye mali mpya kaanza kutupunguza kazini sisi tulioumia. Mashine ilinikata vidole viwili. Kidonda kimepona, maumivu yamegoma. Shati likinigusa tu naungua. Salum, tuliyekuwa naye zamu moja, ananicheka: “We Athanas, mwanaume mzima unapigwa na shati!”

Dada, hapo ndipo nilipokukumbuka, na leo naandika bila kujificha. Yale malengelenge ya mkanda wa jeshi yalipokauka, wewe ukawa bado unashikilia kanga isikuguse ubavuni. Siku ya kikao cha ukoo cha shamba, wewe ulikuwa umelala ndani. Wajomba hawakuwa wameamua kitu. Mimi ndiye niliyesimama nikasema, mtu gani anaumizwa na kanga? Huyo anakimbia jembe. Wakacheka, wakakunyang'anya shamba la mama. Miaka yote unamlaumu mjomba Bartholomeo. Ni mimi.

Dokta Judith kanieleza. Nyuma ya paji la uso kuna sehemu ya ubongo inayosaidia kuyaambia maumivu, basi, yatosha. Chembe za huko zinaongea kwa kemikali inaitwa glutameti. Mishipa ya fahamu ikiumia muda mrefu, anasema, inaonekana maongezi yale yanafifia, na maumivu yanakosa wa kuyakemea. Bado wanachunguza, hata kwa panya. Tena sehemu hiyo hiyo ndiyo ya kuamua mambo na kuona raha. Kumbe hukuwa mvivu wala hukununa. Vidonge alivyonipa vinapunguza, havimalizi.

Sasa sikia. Mjomba Bartholomeo anataka kumuuzia shamba tajiri wa Dar ajenge nyumba ya wageni. Jumapili iliyopita nilipanda mlima hadi Mgeta shambani, nikavua shati mbele ya wajomba na baridi ile, nikakaa katikati ya matuta. Nikawaambia, niliposema uongo mlinisikiliza, leo nasema kweli mtanisikiliza. Kwetu shamba linafuata tumbo la mama, linashuka kwa binti. Hili la Yustina.

Mjomba akaniuliza: “Na atalima nani? Mgonjwa na kilema?”

Nikamjibu: “Ndiyo, mjomba. Mgonjwa na kilema.”

Hakuna aliyecheka. Kesho yake nikapanda maharage kwa mkono mmoja. Mistari imepinda vibaya, nami siinyooshi. Wakitaka kuuza, waniuze na mimi.

Kunisamehe ni juu yako, sikulazimishi. Ila shamba lako lipo, njoo. Usije kulima, njoo ukae juu yake wakuone. Kanga yako ishikilie mbali vile vile. Mimi nitakaa pembeni yako bila shati, tuone nani atacheka.

Wifi yako Hosiana anakusalimu sana. Msalimie shemeji na mwanetu Editha. Mungu akupe usiku usiounguza.

Wako akupendaye, japo nimechelewa,
Athanas