Gathoni wa Kijitoni

Umbilo, Durban
12 Machi

Kwa Mama,

Natumai goti limepoa na ng'ombe amezaa salama. Huku joto ni la kunata, nguo hazikauki. Mwanao Nigel anakula vizuri.

Unamkumbuka yule mdudu niliyemkamata kwenye kijito cha shambani kwako Desemba ya mwaka juzi, ukaniuliza kama anauma? Haumi. Akiwa mchanga hukaa majini, ndani ya kijumba anachojijengea kwa punje za mchanga na uzi wake mwenyewe. Akiota mabawa, hukiacha kitupu. Kumbe hakuna mtu aliyewahi kumwandika kitaalamu. Nimemchora kwa hadubini miezi minne, hadi mishipa ya mabawa, na wiki hii maelezo yake yamechapishwa.

Anayemwandika mdudu mpya ndiye humpa jina, ila si lake mwenyewe. Nimempa lako. Wataalamu wa dunia nzima watamwita Gathoni, na kwa kanuni zetu jina hilo halifutwi.

Najua kwetu jina la mama mzaa baba hupewa binti wa kwanza, si mdudu. Kila Jumapili unaniuliza kwenye simu Gathoni mdogo atakuja lini, nami nampa Nigel simu. Aliahidi kukuambia, naona ameshindwa. Mimba ya tatu ilitoka Januari. Daktari amesema tusijaribu tena.

Picha ya Gathoni wa kijitoni nimeitia ndani ya bahasha. Ile sweta ya manjano uliyofuma, mpe mtoto wa jirani.

Mkaza mwanao,
Lynn