Nyumba Zilizo Chini ya Hekalu

Stechford, Birmingham

Mama yangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Goti lako linasemaje siku hizi? Sisi huku wazima, ila baridi imeshaanza na mkweo Seif ameshatoa makoti yote kabatini.

Kwenye simu uliniuliza kama kweli chuo kilinipeleka Kupro kufukua masanamu. Hapana, mama. Pale pana magofu ya hekalu la mungu wa kike aliyeabudiwa zamani mno, lakini mwalimu wetu, Bi Helen, alitaka kujua nani waliishi pale kabla ya ibada hiyo. Basi tukachimba pembeni, tabaka baada ya tabaka, kwa mwiko wa mwashi na brashi, jua la kupasua kichwa, nami nimejitanda kanga yako. Tukafikia sakafu ya nyumba ya mviringo. Katikati jiko na majivu yake. Jiwe la kusagia limelala kando, kama mwenyewe katoka kuteka maji.

"Hapa mungu wao hajafika bado," alisema Bi Helen. "Hapa ni watu tu na watoto wao."

Kesho yake, chini ya sakafu ile, mwiko wangu ukagusa mifupa. Kitoto kichanga, mama, kimelazwa ubavu, miguu imekunjwa. Shingoni kina kijiwe cha kijani kilichochongwa umbo la mtu aliyenyoosha mikono. Kuna mtu alikaa akamchongea mtoto ambaye hata kutambaa hakuwahi.

Nikalia mbele ya wenzangu wote. Bi Helen akashuka shimoni, akakaa nami. Nikamwambia: "Nilikuwa na binti. Raya. Hakumaliza wiki."

Unajua tangu tumzike mwaka jana sikuweza kukanyaga makaburini. Seif alikwenda peke yake, na jina lile nyumbani hatukulitaja. Nilipolitamka mle shimoni, nikaona kifua kimepata nafasi. Nikaomba kazi ile niimalize mimi. Nikamsafisha yule mtoto polepole, kama ninayemwogesha.

Jumapili iliyopita nikamwambia Seif, "Leo tunakwenda wote."

Akanitazama. "Una hakika, Time?"

"Twende kabla sijabadilika."

Manyunyu yalikuwa yanatuangukia. Tukasoma Fatiha, nikapangusa majani juu ya kaburi. Halafu Seif akasema, "Alikuwa na masikio ya mama yako. Nilitaka kukwambia siku zote, naogopa." Nikacheka, mama, nikacheka pale pale makaburini huku machozi yananitoka! Tukarudi tukimzungumza Raya njia nzima.

Nisalimie Shangazi Asha, mwambie achari yake imekwisha na Seif ananuna. Msalimie mdogo wangu Khamis, asikuache ubebe ndoo za maji. Na majirani wakikuuliza tena kama mwanao huku Ulaya kajaaliwa mtoto, usinifichie. Waambie anaye, wa kike, anaitwa Raya.

Mwanao,
Time