Kikohozi cha Mtukutu

Nyumbani, Mteremkoni
Jumapili, tarehe 14 Septemba

Mpendwa mdogo wangu Masikio,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na watoto je, yule mdogo meno yameshatoka au bado anawakeshesha? Natumaini baridi ya huko imepungua na kifua chako kimetulia. Kama bado, kunywa maji ya moto na uache ubishi.

Sisi huku ni wazima. Mama yupo, miguu tu ndiyo inamsumbua asubuhi, lakini akishapata chai anazunguka nyumba nzima kutafuta nani kakosea nini. Shemeji yako mgongo umepona na ameanza tena kujifanya kijana. Mimi nipo, nashona viti vya magari ya watu kama kawaida, vidole vimejaa matundu ya sindano.

Nimechelewa kujibu, najua. Uliniomba kitu chepesi: gari lenu jipya la mbio likishafika huku, niende nikalikalie na kuliendesha, kisha nikuambie kwa ukweli wangu wote kama limeyazidi yale yaliyotangulia. Ulisema unaniamini mimi kwa sababu nimeshashona viti vya matoleo yote matatu ya nyuma, na kwa sababu sijui kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Haya, nimelikalia na nimeliendesha. Ila kaa chini kwanza.

Nilikwenda peke yangu kama ulivyosisitiza. Ulisema nisiende na Mama, eti atachoka bure. Nikasema moyoni, tazama mtoto huyu anavyomhurumia mama yake! Shika hapo, nitaparudia.

Dukani kuna muuzaji mmoja mwenye viatu vilivyochongoka. Aliitazama mikono yangu, akanikabidhi ufunguo kwa vidole viwili, utadhani nitamuuma. Nikamwacha. Nikaanza na viti, maana ndiyo kazi yangu. Mshono wenu ni mzuri, sitasema uongo. Uzi mnene, umenyooka, pembeni hakuna mkunjo hata mmoja. Toleo la kwanza, lile la Baba, kiti chake kilikuwa kinakurusha hadi kichwa kinagonga paa. La pili ngozi yake ilipasuka kwa jua la mwaka wa kwanza, nimeshona nyingi hizo mpaka nikachoka. La tatu mliweka sponji laini mno, mtu akikaa anazama, magoti yanamjia kidevuni. Hili jipya limenishika kiuno vizuri na mgongo haukulalamika. Hapo mmeshinda, hongereni.

Breki nazo zinashika. Za Mtukutu wa Baba unazikumbuka? Ilibidi uanze kumwomba msamaha aliye mbele yako tangu ukiwa mbali. Usukani ni mwepesi, milango inafunga bila kupigwa teke, na mlima linaupanda kana kwamba mlima umesawazishwa. Buti tu ndiyo aibu, haimezi hata begi langu la nyuzi. Mpaka hapo nilikuwa nafurahi kwa niaba yako. Nilikuwa natabasamu peke yangu barabarani, mtu mzima hovyo, najisemea mdogo wangu ana mkono wake humu.

Kisha muuzaji, aliyekuwa amekaa kando yangu, akabonyeza kitufe, akaniambia sasa nisikilize. Gari la umeme halina injini ya kunguruma, hilo nalijua, wala halina bomba la moshi. Sauti inatoka kwenye spika, na najua sauti ndiyo kazi yako huko kiwandani. Nikakanyaga, likaunguruma vizuri sana, sauti nzito ya kiume. Nikafika kwenye kona ya posta, nikaachia mguu.

Likakohoa.

Masikio, likakohoa! Kimoja kikavu, kikafuata kimya kidogo kama mtu anayevuta pumzi, halafu viwili vifupi. Nywele zilinisimama. Nililiegesha pembeni, na yule kijana wa viatu ananiuliza kama nimeona kizunguzungu.

Usijifanye hukijui kikohozi kile. Kimetoka kitandani kwako. Baba ndiye aliyekata mguu wa kitanda chako cha chuma ili azibe bomba la moshi la Mtukutu, ukalala kwenye kitanda kilichoegemezwa matofali hadi ukaoa. Akakichomelea kipande kile upande usio wake. Na kwa kuwa Baba hakuwahi kukosea tangu azaliwe, akasema ndivyo gari la mbio linavyotakiwa kusikika. Magari ya aina ile yalikuwa mengi mjini, lakini lililokohoa lilikuwa moja tu, letu.

Na kikohozi kile ndicho kilikuwa kengele ya nyumba hii. Mtukutu akisimama kwenye mteremko anazimika, na akizimika hawaki mpaka asukumwe. Kwa hiyo akikohoa pale kwenye kona, kila mtu anaacha alichoshika na kukimbilia geti, ili Baba aingie moja kwa moja bila kusimama. Wewe ulikuwa unamsikia kabla yetu sote, unapiga kelele, “Geti!” Jina la Masikio ulilipatia pale. Lakini kwa mbio hakuna aliyemshinda Mama.

Nilimuuliza muuzaji sauti ile wameitoa wapi. Akatanua kifua: imebuniwa kiwandani na mtaalamu wetu, haijawahi kusikika popote duniani. Nikamwambia imesikika. Akacheka, alidhani namtania.

Mwaka jana tulipomzika Baba, ulibaki nyumbani baada ya wageni kuondoka. Ukafunga vimaiki vyako vidogo chini ya Mtukutu, vingine kwenye boneti na kiti cha nyuma. Ulituambia unataka kuibeba sauti ile, ili upweke ukikuzidi huko mbali uisikilize na umwone Baba. Mama alilia, akakushika kichwa akakubariki. Mimi ndiye niliyekaa kwenye usukani, maana wewe ulikuwa nyuma na makopo yako ya kusikilizia masikioni. Nilipanda na kushuka mteremko machozi yananitiririka, barabara siioni vizuri, na kila nikifika kwenye kona unaniambia, “Tena, dada. Achia mguu taratibu.” Nikaachia. Nikaachia tena. Nilidhani nakupa kumbukumbu ya baba yako, kumbe nilikuwa kazini kwenu.

Na Mtukutu hakuwaka tena tangu siku ile. Gia zilikwisha kabisa, hata akisukumwa haitiki, yuko gereji kafunikwa turubai. Ile ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kumsikia, na uliibeba wewe.

Hata hivyo, hilo ningelimeza. Nilirudi nyumbani nikanyamaza, nikajiambia nitakupigia simu nikutukane kidogo yaishe. Lakini gari lenu limenunuliwa na daktari wa meno, jirani yetu wa nyumba ya juu, na akitoka kazini hana njia nyingine ila kupita mbele ya geti letu.

Siku ya kwanza Mama alikuwa anakata vitunguu. Likakohoa kwenye kona. Alitupa kisu akatoka mbio, na miguu yake ileile ninayoikanda kila asubuhi. Na mimi, usinicheke, nilikuwa nimeshainuka na mkasi mkononi. Tukagongana getini, mikono yetu sote iko kwenye komeo. Tukalifungua. Tukasimama, mimi upande huu na yeye upande ule, kama tulivyokuwa tukisimama zamani, na gari jeupe likapita mbele yetu likapanda zake juu. Daktari akatupungia mkono. Mama naye akampungia. Akabaki ameshika geti kwa muda, kisha akaniambia alitaka tu hewa iingie.

Sikula chakula siku ile. Yeye alikula, ili mimi nisimwulize kitu.

Usidhani amechanganyikiwa. Akili yake inatushinda sote, na anajua vizuri Baba yuko wapi. Nilimweleza kwamba lile ni gari jipya la daktari, akashangaa: jipya, na tayari linakohoa? Lakini kikohozi kikija, miguu yake inainuka kabla kichwa hakijakumbuka. Anafika mlangoni, anasimama, anarudi kukaa. Kila siku ni hivyo. Umemfanya afiwe upya kila jioni, kabla ya chakula, kwa sauti iliyorekodiwa na mwanawe.

Nilimfuata daktari. Mtu mwema yule, wala hakuniuliza mengi. Akawa anaizima sauti akikaribia kona, gari likawa linapita kimya kama paka. Nikashusha pumzi. Basi Mama akawa anakaa dirishani, kule kusikoonekana barabara, akisikiliza mpaka chakula kinapoa, mwishowe akaniuliza, “Kwani daktari amesafiri?” Ikabidi nirudi kumwomba aiwashe tena. Aliniangalia kama mtu anayestahili kung'olewa jino la akili.

Hapo ndipo nilipokuchukia, nakuambia bila kuficha. Sauti ikiwepo inamuumiza, isipokuwepo inamuumiza, na wewe uliyetufikisha hapa umekaa huko unaniuliza kama viti ni laini.

Tafadhali usiniambie ulifanya kwa heshima ya Baba. Ungetaka kumheshimu ungetuuliza. Na ungeuliza, Mama angekubali! Unamjua yule, angekupa Mtukutu mzima mzima na geti juu yake. Hilo ndilo linalonichoma kuliko yote, umechukua kwa siri kitu ambacho ungepewa kwa baraka. Walikulipa nini sijui, na sitaki kujua.

Na ulijua ulichofanya. Ndiyo maana hukutaka Mama afike dukani. Ulinituma mimi kwanza kuonja kama chakula kina sumu. Nisingekitambua kikohozi kile, ungelala usingizi wako mtamu. Mimi, Masikio? Mimi niliyekubeba mgongoni ukisikiliza injini za watu? Sijawahi kudhani ningekuja kukuogopa wewe, lakini sasa ukinipigia simu najiuliza kama umeshika kinasa sauti.

Mama hajui kuwa ni wewe. Sijamwambia. Anaamini magari mawili yamepatwa na ugonjwa mmoja, mambo ya dunia. Mimi sitakusemea na wala sitakufichia. Siku akiniuliza, nitamjibu. Kwa hiyo njoo kabla hajaniuliza, umwambie kwa mdomo wako, tena uwepo hapa jioni, ukae naye jikoni, gari likikohoa umwangalie anavyoinuka.

Mjomba anakusalimu, anasema bado anasubiri ile redio uliyomwahidi. Wafanyakazi wote wa gereji ninakoshonea viti wanakusalimu, wanajivunia wewe, na mimi nimewaacha wajivunie. Nisalimie sana wifi, mwambie yeye sina neno naye. Watoto wabusu, na uwaambie shangazi yao anawashonea mito ya ngozi.

Mama naye anakusalimu mno. Amekaa hapa kando yangu anamenya viazi, anajua nakuandikia, na ananituma nikuambie hivi: kwa kuwa unafanya kazi hukohuko yanakotengenezwa, uwaambie wakubwa wako kwa adabu kwamba gari lao jipya lina ugonjwa uleule wa Mtukutu. Walitazame bomba la moshi, huenda kuna mtu kachomelea upande usio wake kama baba yako. Anasema usiogope kuwaambia, wakubishie wasikubishie, masikio yako hayajawahi kukosea.

Hayo ndiyo maneno yake, nimeyaandika kama alivyoyasema, na nimeinama ili asiuone uso wangu.

Sasa lile swali lako. Viti vimezidi. Breki zimezidi, usukani umezidi, na mlima linaupanda vizuri kuliko yote matatu. Lakini Mtukutu alikuwa akikohoa kwenye kona, halafu anaingia. Hili lenu linakohoa, halafu linapita.

Mungu akulinde, akupe afya, akuondolee usingizi mpaka ukate tiketi. Ukija, njoo kwa miguu kutoka kwenye kona, na uite kwa sauti yako mwenyewe. Tutafungua.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata leo, tena leo kwa shida sana.