Sauti ya Mpishi

Jumatano, baada ya isha

Mwanangu Aziza ni mpishi! Katika ile filamu ya Italia ya kale waliyoitia sauti za Kiswahili yeye na wenzake, yule bibi tajiri anayemwamrisha mchoraji si yeye. Yeye ni mpishi, na anasema mara moja tu: "Bwana, kula kwanza, ukuta haukimbii."

Amenipigia leo mwenyewe, anacheka kwa furaha. Nami, mama mzima, nikamjibu, "Hayo tu?"

Akasema taratibu, "Mama, nimeiga unavyomwambia baba akiwa kazini hataki kula."

Masikio yaliniwaka moto. Mtaa wetu wote wa Nguvumali nimewatangazia kwamba mwanangu ndiye bibi tajiri. Jirani yangu Mama Rukia nilimwambia bintiye hata adhana haisikii, sembuse yeye kusikika kwenye filamu. Ulimi wangu huu!

Nimempigia Aziza mara tatu, hapokei. Nimemwandikia: njoo nayo hiyo filamu, mwanangu, nataka kumsikia mpishi. Bado kimya.

Mama Rukia nitamwambia kweli mlangoni, kabla hajavua viatu. Visheti nimeshakaanga, majirani wote nimewaalika waje kuitazama, na Aziza, akinisamehe... Tutaitazama hapa kwangu Jumamosi hii, baada ya alasiri.