Barua Tatu za Dereva wa Boza

Jumamosi, 25 Aprili 2026

Makomredi wa kiu na wa haki! — Ndivyo nilivyoifungua hotuba yangu leo mbele ya mabweni, na ndivyo ninavyolifungua daftari hili, ingawa humu hanisikii mtu. Siku kumi na moja bila maji! Jumatano tuliandamana na ndoo tupu, kwa amani. Kisha ikazuka rabsha, na lango la chuo likaanguka. Uongozi umekwisha kuamua: aliyeliangusha ni Jilala. Kwa nini Jilala? Kwa sababu ndiye aliyeshika kipaza sauti. Shauri lake ni tarehe 12 Mei. Akionekana na hatia, anafukuzwa — mwaka wa tatu, amebakiza mitihani tu.

Tumebandika anwani ya barua pepe ya kamati ya wanafunzi ninayoiongoza kila ukuta. Aliyeona, aandike!

Jumatatu, 27 Aprili 2026

Barua mia mbili! Matapeli, wauza viatu, watukanaji. Octavian, katibu wetu, ameshauri tuweke msaidizi wa akili mnemba, azisome kwanza barua za wasiojulikana. Nimekubali. Amri nimeiandika mimi mwenyewe: asiyejulikana akitukana, barua yake itengwe, katibu aipitie, aamue.

Octavian! Tulipandia treni Igalula pamoja, sanduku moja la bati baina yetu. Nisipomwamini yeye, nimwamini nani?

Jumatano, 6 Mei 2026

Hakuna shahidi. Kila jioni namuuliza Octavian. Kila jioni jibu ni lilelile: takataka tupu, mwenyekiti.

Jilala amekonda. Baba yake amenipigia simu, ameniita mwanangu. Hotuba zangu zote hazina uzito wa neno lile.

Kicheko kimoja tu leo. Bi Hafsa wa kantini, Mzaramo aliyeolewa hapa Tabora, hivyo mtani wetu sisi Wanyamwezi, alimletea Octavian chai.

"Mtumwa wangu, chai hii umeikoroga kwa mguu?"

"Kunywa, Mnyamwezi! Babu yako alibeba pembe mpaka kwetu pwani, na hata maji hakupewa."

Kantini nzima ikaangua kicheko. Octavian alicheka kuliko wote.

Jumapili, 10 Mei 2026

Baada ya misa nimeandika utetezi. Kurasa nne. Ufasaha mtupu, ushahidi hakuna.

Jumatatu, 11 Mei 2026

Niandike kwa mpangilio.

Asubuhi nilimwamkia Bi Hafsa. Shikamoo yangu akaipokea kwa shingo upande.

"Marahaba. Lakini mmenikera, mwanangu. Ndugu yangu Kondo, yule dereva wa boza la maji, kawaandikia mara tatu. Kawatania kama desturi yetu, mkamnunia! Tangu lini mtani akanuniwa?"

Mara tatu!

Nimekimbilia maktaba, nikafungua kikasha cha barua pepe cha kamati. Zimo, katika zilizofutwa. Ya kwanza ni ya tarehe 28 Aprili: "Enyi watumwa wangu Wanyamwezi, mliozoea kubeba mizigo ya babu zangu! Sasa mnabebeshwa hata lango? Acheni kulia kama fisi. Lango nililigonga mimi, nikirudi nyuma na boza. Kijana wenu alikuwa upande wa pili. Njooni niwaandikie na kutia sahihi."

Chini yake maneno ya msaidizi: mtumaji hajulikani; lugha ya matusi; nimeitenga kama nilivyoamriwa; hata hivyo ina madai kuhusu lango, huenda ni muhimu, tafadhali pitia. Chini ya hayo: imefutwa na Octavian. Dakika sita baadaye.

Ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu ilikuwa fupi, bila utani hata kidogo: "Nahamishiwa Igunga Ijumaa. Kama hamnitaki, semeni."

Kosa langu nalikiri. Mnyamwezi mimi, nimeandika amri ya kuzuia matusi nikasahau watani! Chombo hakikuzaliwa Tabora, kitajuaje? Na bado kilishuku, kikauliza. Aliyeulizwa alikuwa mtu. Mtu anayeujua utani kama anavyolijua jina la mama yake!

Nimemkuta Octavian nyuma ya maabara.

"Nilidhani ni matusi, Dafrosa."

"Wewe? Wewe wa chai ya mguu?"

Akatazama chini. Kisha yakamtoka: mlezi wa wanafunzi, mtu wa uongozi, amemwahidi barua ya kumpendekeza masomo ya juu, mradi kamati inyamaze. Kwao yeye ndiye wa kwanza kufika chuo. Jilala, eti, angefukuzwa tu hata hivyo.

"Hata mimi kwetu ni wa kwanza," nikamwambia. "Na Jilala kwao."

Nikamwacha hapo, nikaenda kwa Bi Hafsa kuomba namba ya Kondo.

Nimempigia Kondo. Amenisikiliza mpaka mwisho. "Nikilipata basi la alfajiri huku Igunga, nitakuja, mtumwa wangu. Ila bosi sijamwomba ruhusa. Sikuahidi." Akakata.

Shauri linaanza kesho saa nne asubuhi. Wanakamati wanane hawajui lolote, na kwa utaratibu wetu anayesimama kumtetea Jilala mbele ya jopo ni katibu. Kumwondoa kunahitaji kura.

Nimetuma tangazo katika kundi letu: kikao cha dharura, ajenda moja. Wa kwanza kujibu ni Octavian — "Nitafika, mwenyekiti. Niandae muhtasari kama kawaida?"

Nimemjibu kwa saa na mahali tu. Kesho, Jumanne, saa moja kamili asubuhi, nyuma ya maktaba.