Conny wa Härnösand, Conny wa Osaka

Mwaka mzima umepita, Conny, tangu ututoke, na trekta la theluji linapita mtaani kwetu likiendeshwa na mtu mwingine. Anasukuma theluji yote mbele ya geti la jirani mzee. Wewe ulikuwa ukishuka na koleo, unamsafishia njia mpaka mlangoni, halafu unaondoka kabla hajatoka kukushukuru.

Tunakumbuka kahawa yako na kipande cha jibini ndani ya kikombe, kama wanywavyo watu wa kaskazini. Tunakumbuka gitaa ulilopiga bila kuliunganisha na spika, eti majirani wasisumbuke. Mtu akikuuliza kama ni wewe uliyeimba zamani katika bendi ya Tranbär, unasema, "Aa, mambo ya utoto hayo." Ndivyo tulivyo huku kwetu Uswidi. Anayejiinua mbele ya wenzake husemwa kwenye kila meza ya kahawa.

Santuri yenu ya pekee haikupata wanunuzi, bendi ikavunjika, ukapanda trekta. Halafu, nywele zikiwa zimeshaota mvi, simu ikalia kutoka Japani. Bwana Nishiwaki, mwenye duka la santuri Osaka, alikuwa akikutafuta kwa miaka. Vijana wa kwao walizijua nyimbo zako kwa moyo, mpaka pale unapovuta pumzi. Wewe na kaka yako Tord, mpiga ngoma wa bendi, mkarekodi nyimbo mpya gerejini, na ukaalikwa kuimba Osaka. Kazini uliaga kwamba unakwenda kaskazini kuvua samaki. Ulirudi bila samaki hata mmoja, na wenzako wakakucheka majira yote ya joto.

Kisha koo likaanza kuuma, na tukaambiwa ni kansa.

Siku ile hospitalini tulikuwa watatu, mimi, wewe na binti yetu Malin. Daktari alikuuliza, "Conny, kazi yako inahitaji sauti?"

"Mimi? Naendesha trekta. Trekta halitaki maneno."

Daktari akacheka, akaanza kuandika. Wangekata na kuondoa kiungo chote cha sauti, ungepona, ungebaki bubu. Nilikaza mdomo. Nilitaka upone, basi.

"Baba, mwambie," Malin akasema.

"Nimwambie nini?"

"Daktari, baba yangu ni mwimbaji. Wanamngoja tena Osaka."

"Malin! Umeanza majigambo."

"Majigambo gani? Wanataka kukukata koo, na wewe bado unaona haya!"

Uso wako ulikuwa mwekundu. Daktari aliweka kalamu chini, akaeleza kwamba iko njia nyingine, ya mionzi. Sauti ingebaki, ingawa ya kukwaruza, lakini hatari ya ugonjwa kurudi ilikuwa kubwa zaidi. Akakupa siku chache uamue.

Siku zile sitaki zinirudie tena. Nilikufuata kila chumba. "Sauti haitanikumbatia, Conny!" nilikwambia. Ulijibu, "Siv, mke wangu, niache nifikiri." Malin alipiga simu asubuhi na jioni, nami sikuwa na maneno mazuri kwake. Mwisho ulichagua mionzi.

Majira ya kuchipua tulikwenda Osaka pamoja. Uliimba wimbo wa kwanza, wakapiga makofi mafupi, halafu ukumbi mzima kimya. Nilikuona unavua mkanda wa gitaa. Ulikuwa umeshaanza kuwaomba radhi watu, ukidhani umewaudhi kwa sauti yako mbovu! Bwana Nishiwaki akakukimbilia kutoka pembeni. "Conny, unakwenda wapi? Umesahau? Huku mtu akinyamaza, anasikiliza!" Ukarudi. Sauti yako ilipokwama kwenye kiitikio cha juu, wao wakakipokea, ukumbi wote. Uliwatazama huku mdomo uko wazi. Sijawahi kukuona na furaha kama ile, hata siku ya harusi yetu, na niliona wivu.

Kabla ya majani kuanguka, ugonjwa ukarudi.

Tangu tukuzike, Malin huja Jumapili, anaosha vyombo vilivyo safi na hatazami picha yako. "Ningenyamaza, Baba angekuwepo," anasema. Nimemwambia ulichonieleza wodini. Hasadiki. "Unanibembeleza tu, Mama."

Kwa hiyo nakiandika hapa gazetini, mbele ya mji mzima, wakitaka waseme. Nilikuuliza kama unajuta. Ulinijibu kwa ile sauti iliyobaki: "Ningenyamaza mpaka wanikate, Siv, kwa kuona haya tu. Na ningeishi miaka mingi nikijichukia. Yule mtoto alinitaja kwa jina langu la kweli. Usimwache ajilaumu."

Bado nakukasirikia, mume wangu. Ningekuchukua hata ukiwa bubu. Lakini uamuzi ulikuwa wako, wala haukuwa wa Malin, na niliona kwa macho yangu ulichokipata.

Unakumbukwa na mimi mkeo Siv. Na Tord, ambaye hajagusa ngoma zake tangu siku uliyotutoka. Na Bwana Nishiwaki na watu wote wa Osaka. Na Malin, binti yako, aliyesema ukweli.

Hatutakusahau kamwe, Conny Bergvall, mwimbaji.