Nyama Niliyokula Kabla ya Kusema

Alhamisi, adhuhuri, kijijini kwa mjomba, upande wa Kabambare. Mvua inanyesha tangu alfajiri, ile nyembamba isiyo na ngurumo, na sina hamu ya kuonana na mtu. Niandike upesi kabla sijaanza kujitetea. Kazi ya kujitetea naijua mno.

Jana niliwaangusha watu wa mama yangu.

Kampuni inayochimba bati inataka kijito cha hapa, Lukeshe, ili ioshee mchanga wake. Kikichukuliwa, bonde lote la mpunga na mihogo litageuka tope, na watu watahamishiwa kando ya barabara, kwenye udongo mwekundu usiootesha hata bamia. Hilo ndilo shauri. Mengine yote ni mapambo.

Na mapambo yalikuwa mengi. Mwaka mzima kampuni haikuja na fimbo. Fimbo ningeitambua, mgongo wangu ulijifunza kusoma kabla ya macho yangu. Ilikuja na chumvi. Ikaja na mablanketi, na mpira wa miguu, na muuguzi wa kila Ijumaa mwenye sanduku la dawa za macho. Mzungu wao alijifunza kusalimia kwa Kibangubangu, akawa anaulizia wagonjwa kwa majina. Anauita huo urafiki. Nimesoma vitabu vya kutosha, vile vya mapadri na vile ambavyo mapadri hawaniazimi, kujua kwamba ramani hufuata nyuma ya zawadi. Zamani za babu zetu, wenye bunduki walipotoka Nyangwe kuwinda watumwa, angalau mtu alijua akimbilie upande gani. Anayekuuliza hali ya mtoto wako utamkimbiaje?

Mjomba ndiye mkuu wa kijiji. Alinitumia habari Kasongo, ambako nilikuwa karani wa serikali mpaka barua zangu kwa magazeti zilipowachosha, na sasa nawaandikia watu barua zao sokoni. Njoo useme kwa ajili yetu, aliniambia, sisi hatujui maneno ya makaratasi.

Sitaficha kwamba nilifurahi. Niliandika kurasa tisa. Nilizisoma kwa sauti chumbani, nikasimama penye maneno makali kama mtu anayesubiri makofi.

Sasa desturi. Kwa watu wa mama yangu, shauri likizungumzwa mnyama huchinjwa, na nyama huliwa mwisho. Anayekula amefunga kinywa chake. Hata kama haki ni yake, hasemi tena juu ya jambo lile. Ndivyo wanavyozuia ugomvi usirudi kila msimu. Jana, siku ya shauri, kampuni ilileta ng'ombe wawili. Kapita wake, msimamizi wa vibarua, Anselmi, ameoa hapa hapa na desturi hiyo anaijua kama mimi. Akaamuru nyama igawiwe kwanza, eti wageni wametoka mbali.

Wazee hawakuwa wajinga. Walipokea sahani, wakaziweka magotini, wakakaa. Nyama ikapoa. Walikuwa wananingoja mimi.

Nilifika nimechelewa, siku tatu za baiskeli miguuni, mnyororo umekatika mara mbili, tumbo tupu tangu jana yake. Mtu akanitia sahani mkononi. Nikala.

Nilitaka kuandika kwamba nilidhani ni chakula cha mjomba. Ni uongo. Niliyaona masufuria ya kampuni, niliijua nyama ile. Nilidhani desturi inawafunga wale wanaoishi nayo, si mtu aliyesoma. Nilidhani kurasa tisa zina nguvu kuliko vipande vinne vya nyama.

Nilipoinua kichwa wazee wote walikuwa wananitazama. Halafu mmoja akaanza kula. Akafuata wa pili. Wa mwisho alikuwa mjomba, naye alitafuna kama mtu anayekunywa dawa.

Nikasimama na karatasi zangu. Anselmi hata hakubishana.

"Karani, nyama iko muzuri?" aliuliza. "Chumvi inatosha?"

Watu walicheka. Mzungu hakuelewa neno, lakini alielewa kicheko, akacheka pia na kutoa tumbaku.

"Namba sita ya sheria yao wenyewe inasema," nilianza.

"Mwipwa, kaa," mjomba alisema polepole. "Mutu ameisha kula, neno lake limekufa. Na sisi tumekula juu yako. Tulisema: kama huyu wa vitabu anakula, basi iko kitu anajua."

Nilikaa.

Sikulala vizuri, na sistahili. Miaka ishirini nimewaita watu wengine vibaraka, kwa wino, kwa majina yao kamili. Hakuna aliyenipa hata blanketi. Kampuni ilinipata kwa bei ya njaa ya mchana mmoja na kiburi changu mwenyewe.

Asubuhi nilishuka kijitoni ili nisimkute mjomba uani. Nikamkuta Mama Feza, mdogo wake mama yangu, ndani ya maji hadi magotini, anatoa mihogo aliyoiloweka. Wanawake wengine walikuwa juu kidogo. Hawakuniitikia salamu.

"Unalia nini?" Mama Feza aliniuliza bila kuinua macho. "Wewe umeshiba."

"Mama, nimewaharibia."

"Umewaharibia wanaume. Sisi nani alitupa kula?" Akarusha muhogo ndani ya kikapu. "Anselmi alisema bamama watangoja mifupa. Tumengoja mpaka masufuria wakayaosha. Hata mifupa tuliona kwa mbwa."

Wale wa juu wakacheka, kicheko kisichokuwa na furaha.

Nilichukua muda kuelewa, mimi msomi. Hawakula. Hakuna mtu, hata mjomba, anayeweza kuwaambia neno lao limekufa. Na mashamba ya bonde hili ni mikono yao iliyoyalima, kila tuta lina mwenyewe.

"Lete karatasi," alisema. "Tutasema, utaandika, tutatia vidole. Lakini maneno yako usitie, mwanangu. Wewe huna kinywa hapa."

"Hata kulinyoosha neno kidogo?"

"Hata kidogo. Nikisema tope, andika tope."

Jumamosi bwana mkubwa wa serikali atakuja kuandika kwamba wenyeji wamekubali. Sijawahi kumwona akiandika neno la mwanamke. Huenda akaiweka karatasi yao chini ya nyingine na kuagiza chai. Huenda ikafika ofisini Kabambare na kulala huko mpaka mchwa waimalize, na mashine ziwe zimeshaanza kunguruma. Nasema hivi bila kupamba: tumaini ni dogo sana.

Zile kurasa tisa nimempa Mama Feza awashie moto. Alizipokea, akasema zimelowa.

Wameanza kufika barazani, mmoja mmoja, miguu ina matope, wanafuta mikono kwa vitenge kabla ya kukaa. Wa kwanza ameshasema sentensi yake. Ni fupi. Haina hata neno moja ambalo mimi ningelichagua, na tayari mkono unataka kuirekebisha.

Maisha yangu yote nimewasemea watu. Je, nitaweza, alasiri moja tu, kuandika walichosema?